Kanga ina mdomo: mwongozo wa kuchagua, kushona na kuvaa jina la kanga mbele za watu

"Shangazi, msibani nivae kanga gani?" "Dada, gauni la kanga linafaa ofisini?" "Mama mkwe kanipa doti, jina lake linanitia shaka, nifanyeje?"

Maswali haya hunijia karibu kila wiki. Asubuhi nipo masjala, jioni nauza kanga nyumbani, kwa hiyo wanaoniuliza ni wafanyakazi wenzangu, majirani, wateja na mabinti wa ndugu zangu wanaoanza kazi. Nimeyajibu kwa mdomo kwa miaka. Sasa nimeyaandika, ili anayeanza awe na pa kushika.

Swali lenyewe, ukilivua nguo zote, ni moja: nina haki ya kusema langu, na mwenzangu ana haki ya kukaa kwa amani, nipite wapi? Kwenye kanga swali hilo lina ugumu wake. Neno la mdomoni unalisema mara moja, unaona uso wa uliyemwambia, ukikosea unalirekebisha palepale. Neno la kanga unatembea nalo kutwa nzima, limekaa mgongoni usikoliona, linasomwa na watu usiowajua. Wewe unajua ulichokusudia. Wao wanajua kilichoandikwa, basi.

Tangu zamani kanga ilikuwa njia ya mwanamke kusema lile ambalo nyumbani angekatazwa kulitamka. Naiheshimu kazi hiyo na sitamwambia mtu aiache. Ninachotaka ni useme ulichokusudia kusema, kwa uliyekusudia kumwambia.

Kabla ya kuanza

Uwe na hivi:

Doti moja unayotaka kuivaa, ikiwa haijakatwa. Ikishakatwa na kushonwa, nusu ya maamuzi yameshafanyika.

Doti moja ya akiba yenye jina la upole, iliyofuliwa na kupigwa pasi, imekaa kabatini inangoja. Msiba hautoi taarifa. Wengi wanaoniita kwa haraka ni waliopigiwa simu saa kumi na moja alfajiri na kabatini wana kanga za vijembe tu.

Kitenge kimoja. Kitenge hakina jina, na kuna siku hutaki kusema chochote.

Mkasi, uzi, pini mbili tatu, chumvi ya kuloweka, na pasi.

Mtu mmoja wa kukusomea. Awe aliyekuzidi umri, anayejua mafumbo, na asiyeogopa kukuambia "hii usivae". Mimi nilikuwa na mama yangu mdogo. Siku hizi mimi ndiye mama mdogo wa wengine.

Kwa wanaoanza kabisa, tuelewane maneno. Kanga, au leso kama wanavyoiita ndugu zetu wa pwani ya Kenya, ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyo kwenye kisanduku juu kidogo ya pindo la chini. Kipande kimoja kina upana wa sentimita 110 hivi na urefu wa kama 150. Vipande viwili ni doti. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa limekuwa likiuza kanga tangu 1887, na chapa yake ya "Mali ya Abdulla" bibi zetu waliitambua hata wasiojua kusoma. Majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Historia tuiache hapo.

Hatua kwa hatua

1. Soma jina kwa sauti kabla hujauliza bei.

Kanga dukani hukaa imekunjwa, unachokiona ni rangi na pindo. Mwambie muuzaji akufungulie. Hakuna muuzaji wa Kariakoo, Darajani au Biashara Street atakayeshangaa. Wanawake wanaojua kanga wote hufanya hivyo. Isome kwa sauti, maana macho hupita juu juu, sikio hukamata kijembe. Ukipenda rangi lakini jina limekukaa vibaya, uliza kama mji huohuo upo wenye jina jingine. Mara nyingi upo, kwa sababu kiwanda huchapa nakshi moja kwa majina tofauti.

Kosa la hapa nalijua kwa uchungu. Nilinunua kanga ya zambarau kwa kupenda rangi tu. Ofisini kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, nikajitanda mabegani. Mgongoni iliandikwa SINA SIRI NINA JIBU. Sikujua kwamba jana yake mwenzangu wa meza ya pili alikuwa amehojiwa kuhusu faili lililopotea, na kwamba alikuwa akijiuliza nani kampeleka kwa mkuu. Aliisoma ile kanga kama ungamo langu. Wiki mbili tulipeana mafaili bila salamu. Nilipokuja kujua sababu nililia, kwa kuwa nilikuwa nampenda yule dada, na sikuwa nimesema neno.

2. Tafuta nani anasema na anaambiwa nani.

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na haihitaji elimu yoyote zaidi ya Kiswahili ulichonacho. Angalia viambishi.

Jina lenye "sisi", au linalomtaja Mungu na watu wote kwa jumla, humkumbatia msomaji: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Methali isiyo na mtu ndani yake, kama WEMA HAUOZI, nayo ni salama pengi.

Jina lenye "mimi" linatangaza hali yako: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Hilo ni lako, ila msomaji atajiuliza unamtangazia nani.

Jina lenye "mimi" na mtu wa pili aliyejificha ni kijembe hata likiwa na sura ya ushujaa: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Huyo "mtu" ni nani? Kila aliyewahi kukusema atadhani ni yeye.

Jina lenye "wewe", yaani lenye u-, -ku- au -ko, na hasa lenye katazo, linanyoosha kidole: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Ukilivaa, kidole kinamwelekea yeyote aliye mbele yako, hata kama ni mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Halafu yapo majina yasiyo na mtu lakini yana mwiba: HASIDI HANA SABABU, WAPAMBE NUKSI, MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Haya nayaweka pamoja na ya "wewe", kwa sababu msomaji atamweka mtu mwenyewe.

Onyo: usijidanganye kwamba "hii ni methali tu". Methali huchaguliwa. Watu wanajua uliacha nyingine dukani.

3. Lipime jina kwa mahali unapokwenda.

Kazini penye dirisha la kuhudumia watu. Hapa nakuomba uwe mkali kwa nafsi yako. Kanga ile ya JAPO SIPATI TAMAA SIKATI nyumbani ni neno zuri la subira. Iweke mabegani mwa karani anayepokea maombi ya leseni, mwananchi amesimama mbele yake na karatasi zake, ameambiwa arudi kesho kwa mara ya tatu. Atasoma nini? Atasoma kwamba anaombwa kitu. Yule karani huenda ni mwaminifu kuliko wote jengo zima, na kanga yake imemwita mla rushwa. Mtu aliyekuja kwenye dirisha lako hakuchagua kuja kukusoma. Amekuja na shida, na hawezi kuondoka mpaka umhudumie. Kwa hiyo penye dirisha, wodi, darasa au mapokezi, kitenge, au kanga ambayo jina limeondolewa (hatua ya 4).

Kwa watumishi wa umma wa Tanzania upo Waraka wa Utumishi Na. 3 wa 2007 unaohusu mavazi. Omba nakala kwa afisa utumishi uisome mwenyewe. Masimulizi ya korido huongeza na kupunguza.

Kazini kusiko na dirisha, mkiwa mnajuana, una nafasi zaidi. Nani kama mama, wema, elimu, subira: vaa. Ya chama cha siasa acha nyumbani, na siku ya kupiga kura usiende nayo kituoni kabisa, hata kama ndiyo kanga pekee iliyokuwa juu kabatini.

Msibani. Hapa ndipo watu hukosea kwa nia njema, ndipo na mimi nitakawia.

Wengi hudhani kosa la msibani ni rangi ya kung'aa. Rangi watu huisamehe. Jina hawasahau. Mahali penye kifo pana minong'ono: nani alimroga, nani hakumpeleka hospitali, nani alimnyima fedha ya dawa. Ukiingia na HASIDI HANA SABABU, umetia petroli kwenye moto usioujua ulianzia wapi. Wafiwa watajiuliza unamjua huyo hasidi au umetumwa.

Hata majina ya upole yanahitaji kupimwa kwa kifo chenyewe. Lile la abiria na dereva ndilo ninalolisifu kuliko yote, na ndilo nililowahi kumvua mtu mlangoni. Marehemu alikuwa amekufa kwenye ajali ya basi. Mjomba wake alikuwa amekaa uani, kichwa kimeinama, na dada yetu huyu alikuwa anaelekea kumpa mkono huku neno DEREVA limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa. Alikuwa hana nia mbaya hata chembe. Tuliigeuza nyuma ya mlango. NANI KAMA MAMA nayo: mwenye kufiwa na mama yake akiivaa ni haki yake, analia kwa kanga yake. Wewe jirani ukiivaa mbele ya watoto wadogo waliobaki, kumbuka watoto wa darasa la pili wanajua kusoma.

Kwa hiyo ya msibani: methali ya jumla, yenye Mungu au subira, iliyofifia kidogo kwa kufuliwa, na umeuliza kwanza marehemu amefariki vipi.

Harusini. Raha ya harusi ni vijembe, na sitaki kuiua. Kwenye kitchen party, kwenye ngoma ya ndani, kwenye taarabu, kila mtu amekuja akijua kwamba maneno yatarushwa, na aliyerushiwa ana nafasi ya kurusha lake. Huko vaa unachotaka. Angalizo langu ni moja: kama bi harusi anaolewa mke wa pili, au bwana harusi ameachana na mtu mnayemjua, achana na nyota ya mwenzio. Siku ile ni ya wawili; ugomvi wako unaweza kungoja Jumatatu.

Hospitali: kwa anayekwenda kujifungua, chukua kanga kuukuu, safi na laini, jina halina uzito wowote pale. Kwa anayekwenda kumjulia hali aliyepoteza mtoto, usivae kanga inayotaja mtoto wala malezi.

Kwenye daladala, kanga uliyojitanda mabegani jina lake hukaa sawasawa na macho ya abiria aliyekaa. Atalisoma kutoka Mbagala mpaka Posta, hana pengine pa kutazama.

4. Amua jina likae wapi, kisha ndipo umpe fundi.

Kwanza loweka kanga mpya kwenye maji baridi yenye chumvi, kila rangi peke yake, uifue na kuianika kivulini. Inatoa wanga na rangi ya ziada, na husinyaa kidogo. Ukishona kabla ya kufua, gauni litakubana baadaye. Kata doti katikati, pinda zile ncha mbili fupi za kila kipande.

Ukitaka kuivaa kama kanga, jina litakwenda lenyewe mahali pake: ukijifunga kiunoni hushuka nyuma, karibu na vigimbi, na husomwa na anayekufuata, ukijitanda mabegani hukaa mgongoni. Kiunoni ni kunong'ona, mabegani ni kutangaza. Chagua.

Ukitaka gauni, blauzi au shati, usimwachie fundi aamue. Fundi anatazama nakshi, anabana kitambaa kisipotee, na atakata sentensi popote mkasi unapoangukia. Binti wa kaka yangu alishonewa gauni la kwendea usaili wa kazi kutoka ile kanga ya simba. Sehemu ya simba na meno iliishia kwenye mshono wa ubavuni. "Kwa maneno yake" ikaingia kwenye pindo la ndani. Kifuani pakabaki SIOGOPI MTU. Aliliona kwenye kioo cha choo cha jengo la usaili, dakika chache kabla ya kuitwa, akaingia amekumbatia bahasha yake kifuani mwanzo mpaka mwisho.

Mwambie fundi moja kati ya haya matatu, na uchore kwa chaki mbele yake:

(a) Jina litoke lote. Akate kisanduku chote, atumie mji na pindo tu. Hili ndilo la ofisini.

(b) Jina libaki zima, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kwenye sehemu moja bila mshono kupita. Pazuri ni pindo la chini la gauni.

(c) Jina liingie ndani, kwenye bitana au mfuko. Wapo wanaopenda hivyo: neno lao wanalo mwilini, na hakuna anayelazimika kulisoma. Nina gauni moja la namna hiyo na siku ngumu hunipa nguvu.

Onyo: kifuani na makalioni usiweke neno lolote, hata lililo zuri. Unamlazimisha msomaji kutazama pale, kisha mtalaumiana.

5. Ivae mbele ya mtu kabla ya kutoka.

Geuka. Mwulize, "Unasoma nini?" Asikuambie kama umependeza, akusomee. Angalia kama kisanduku kimekunjika kikaficha neno la mwanzo. Katazo likificha "usi-" yake linakuwa amri. Nusu dakika inatosha.

6. Kanga ya kumpa mtu: jina kwanza, bei mwisho.

Zawadi ya kanga husomwa kama barua. Anayeipokea ataifungua, atasoma, na atatafuta kwa nini umemchagulia neno lile. Kwa wazazi na wakwe, WAZAZI NI DHAHABU KUWATUNZA NI THAWABU haijawahi kuniangusha. Kwa mwenzako anayeagwa kazini, chagua la wema au la dua, na mwandikie kikaratasi kidogo cha maneno yako mwenyewe. Kikaratasi hufunga mlango wa tafsiri nyingine. Kwa mkubwa wako wa kazi, MAJIVUNO HAYAFAI ni methali kweli, lakini usimpe. Kwa mwenye ulemavu au ndugu yake, usimpe wala usimvalie MCHEKA KILEMA, hata kama unadhani unamtetea. Umemwita kilema.

Sare ni zawadi ya watu wengi kwa mpigo. Kamati ya harusi, au ofisi inayojiandaa kwa tarehe 8 Machi, isichague jina usiku mmoja kwenye kikundi cha simu kwa kura ya watatu waliokuwa macho. Tuma picha ya jina, toa siku mbili, ruhusu mtu akatae bila kueleza sababu. Wapo ambao dini yao, msiba wao au mfuko wao hauruhusu. Asiyevaa sare asitengwe kwenye picha.

7. Kama una neno la kweli na mtu wa kazini, lipeleke kwa mdomo.

Nimewaona wanawake wakipigana kwa kanga ofisini miezi mitatu, kila Jumatatu doti mpya, na jambo lenyewe lilikuwa zamu ya kufungua ofisi. Kanga ilikuwa silaha ya aliyezibwa mdomo. Wewe una kikao cha idara, una msimamizi, una simu. Mfuate mwenzako pembeni: "Dada, nina jambo, tukae dakika tano." Ukishindwa kabisa, ukaona kanga ndiyo njia pekee iliyobaki, basi ivae nyumbani kwako na uwapokee wageni nayo, huko ndiko uwanja wako.

Haya yote yanawahusu pia wanaume wenye fulana za maandishi, wenye bodaboda wanaoandika nyuma ya kiti, na sisi sote tunaoweka maneno kwenye status za WhatsApp. Status ni kanga unayoning'iniza mlangoni mwa kila jirani mara moja.

Mambo yakienda kombo

Mtu amekasirikia kanga yangu, sikumkusudia. Nenda siku hiyohiyo, usingoje kesho. Usianze na "umenielewa vibaya", hayo ni kumlaumu yeye. Sema, "Shoga, nimeona umebadilika tangu asubuhi. Nahisi ni hii kanga. Nimeivaa bila kufikiri, sikukusema wewe, nisamehe." Kama ni mkubwa kwako, anza na shikamoo yake, kaa chini, kisha useme hayohayo. Usiivae tena mbele yake, hata akikuambia yameisha.

Mtu amekasirika, na kweli nilimkusudia. Basi kubali. Kusema "ni kanga tu" ni kumdanganya mara ya pili. Mwambie jambo lenyewe lililokuuma.

Nimeshafika msibani ndipo naona jina halifai. Kama umejifunga kiunoni juu ya dera au gauni refu, ingia chumbani, geuza kanga juu chini ili jina lije upande wa kiuno, kisha kunja ukingo wa juu kuingia ndani mpaka kisanduku kifichike, ndipo ujifunge. Kama umejitanda, ikunje kwa urefu, jina likiwa ndani, piga pini. Kuigeuza ndani nje hakusaidii sana: rangi hupenya na herufi huonekana, na anayeona umeigeuza atataka kujua unaficha nini.

Nimepewa kanga, nashuku ni fumbo. Usiirudishe na usiivae kumjibu. Shukuru, iweke wiki moja. Mpelekee yule mtu wako wa kusoma. Kisha tazama mwenendo: aliyekupa anakusalimia vilevile? Watoaji wengi hawakusoma, kama mimi na zambarau yangu. Ukiendelea kuumia, muulize kwa upole, "Mama, ile doti uliyonipa nimeipenda, jina lake ulilichagua kwa ajili yangu?" Jibu lake litakutosha.

Mkuu wa kazi amenikataza. Uliza anakataza nini: kanga yenyewe, mshono, au jina? Kama ni jina, njia (a) ya hatua ya 4 inamaliza. Kama ni kanga yenyewe, omba aonyeshe kanuni iliyoandikwa, kwa adabu, kwa maandishi. Haki ya kujieleza ipo kwenye ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania na kifungu cha 33 cha ile ya Kenya ya 2010. Kifungu hichohicho cha Kenya kinamtaka anayejieleza aheshimu haki na heshima ya wengine, na ibara ya 30 ya Tanzania inakataza haki ya mmoja kuingilia ya mwingine. Soma zote mbili kabla hujapandisha sauti.

Naishi ng'ambo, hapa hawasomi Kiswahili. Huko Muscat wapo wanaosoma vizuri kuliko wewe. London na Toronto atakuwepo mmoja kwenye basi. Na rafiki yako mgeni aliyekuomba doti ya kumbukumbu, mtafsirie jina kabla hajalivaa kwenye mkutano. Ni mwili wake ndio utakaosema.

Kanga imechuja ikapaka gauni jeupe. Usipige pasi, joto hushikisha rangi. Loweka gauni kwenye maji baridi mara moja, badilisha maji mpaka yatoke meupe, ndipo uweke sabuni. Ile kanga irudishe kwenye chumvi.